Siku Namkunda Alipofungua Ndiva

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa na uji. Msicheke! Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu mkononi, gauni limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, nikashuka kwenye treni pale Lembeni nikijiona mimi ndiye elimu yenyewe. Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa mzee mpole, hana maneno mengi. Alinipeleka kwenye chumba cha udongo kilichojaa watoto wa darasa la kwanza, akasema, "Hawa ndio wako. Kengele ni kile kipande cha reli kinachoning'inia nje. Wakikushinda, igonge, nitakuja." Akaenda zake kufundisha darasa la nne.

Saa nne uji ukaletwa. Enzi zile za Mwingereza, akina mama wa pale walipika kwa zamu, na kila mtoto alikuja na chombo chake kutoka nyumbani. Huyu ana bakuli pana la bati, yule ana kikombe kirefu, mwingine ana kibuyu kilichokatwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na haki nyingi kichwani, nilisimama na kugawa kata moja kwa kila mtoto. Kata moja, sawa kwa sawa, mbele ya macho yao. Weee! Ilizuka vita. Wenye mabakuli mapana walilia kwamba wamepunjwa. Wenye vikombe virefu walijigamba kama watoto wa chifu.

Nikapaza sauti, "Jamani, kata si ni ile ile? Si mmeniona?" Waliniona, na hawakubisha. Lakini kilio hakikupungua hata kidogo. Kulikuwa na kitoto kimoja kinalia mpaka kamasi zinaingia kwenye uji. Kwa kukata tamaa nilichukua bakuli lake, nikamimina uji wote kwenye kikombe changu kirefu, akiangalia. Akafuta machozi, akatabasamu, akasema, "Asante, Mwalimu, umeniongezea."

Nilitoka mbio. Sikugonga reli, nilikimbia mwenyewe hadi darasa la nne. "Mwalimu Mkuu, shikamoo, hawa watoto wana nini?"

Alinitazama kwa utulivu wake. "Marahaba. Hawana kitu. Wana miaka sita."

Haki ya Mungu, jibu lile lilinifungua macho kuliko chuo kizima. Maana chuoni tulikuwa na somo la malezi, yaani jinsi mtoto anavyokua kiakili na kitabia. Mkufunzi wa malezi alituandikia ubaoni hatua moja baada ya nyingine, tukanakili, tukakariri, tukafaulu, na hatukuelewa lolote. Sasa hatua zenyewe zilikuwa mbele yangu zinalia kamasi! Nilifurahi mpaka usingizi ukanikataa.

Kwa ninyi vijana mnaofundisha leo, mnaokaa na vitabu vinene vya saikolojia, niwaambie nilivyoiona mimi kwa macho. Mtoto mdogo, kabla ya miaka saba hivi, hushika jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akiangalia urefu wa uji kwenye kikombe, upana haupo. Jicho likisema ni mwingi, basi ni mwingi, hata kama amekuona ukimimina. Wataalamu wanasema bado hajajua uhifadhi wa kiasi, maana yake hajajua kwamba kitu hakiongezeki wala kupungua kwa kubadilishiwa chombo. Baadaye, mmoja akiwa na miaka saba, mwingine tisa, siku moja anaanza kumimina kichwani mwake, anaupeleka uji na kuurudisha bila kugusa chombo. Hapo humdanganyi tena. Na kubwa zaidi, akifika miaka kumi na kitu, ataweza kufikiri juu ya mambo ambayo hayapo kabisa mbele yake.

Na upande wa mema na mabaya ni hivyo hivyo. Mdogo hupima kosa kwa ukubwa wa hasara na ukali wa mzazi. Kuvunja vyungu vitatu ni kosa kubwa kuliko kuvunja kimoja, basi. Ukimuuliza, "Je, alikusudia?" atakutazama kama umesema Kijerumani. Mkubwa ndiye anayeanza kuuliza nia. Lakini msiifanye miaka kuwa ukuta! Nimefundisha mtoto mchunga mbuzi aliyekuwa gogo kwenye hesabu za ubaoni, ila jioni mbuzi mmoja akipungua anajua ni yupi, mama yake yupi, na alibaki wapi. Kila mtoto na mwendo wake.

Nilikaa Lembeni muda wa kutosha kuzoea, nikahamishiwa Upare Kusini. Nilipanda lori hadi Hedaru, na kutoka hapo ni miguu, sanduku kichwani, njia imesimama kama ngazi. Jina la kijiji naliacha, wajukuu wa watu wale bado wapo, na mimi sitaki kesi. Kulikuwa na baridi, ukungu, magimbi, makande kila siku, na watu wachapakazi ambao Jumapili kanisani waliimba kwa sauti nne bila kufundishwa na mtu. Watoto kule walizungumza Chasu, yaani Kipare chetu. Kiswahili kwao kilikuwa nguo ya Jumapili. Nami nilizaliwa humo humo milimani, kwa hiyo nilifundisha kwa zote mbili, Mkaguzi wa Shule akija tunavaa ya Jumapili.

Mwalimu Mkuu wa huko hakuwa mpole. Alikuwa mrefu, amenyooka, viatu vinang'aa hata wakati wa matope. Fimbo yake aliiita Msaidizi. "Leta Msaidizi," akisema hivyo, shule nzima inakauka. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, nasikia unapenda sana kuwauliza watoto maswali. Mtoto ni mtu mzima aliyechelewa kurefuka, hakuna zaidi. Mfundishe, mchape, atarefuka." Nilifunga mdomo. Mimi kufunga mdomo ni kazi ngumu, wanaonijua wanajua, lakini siku ile niliufunga.

Sasa sikilizeni habari ya ndiva, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee wetu walilijenga mlimani, mahali kijito kinapopita. Jioni tundu lake linazibwa kwa gogo, majani ya migomba na udongo, maji yanakusanyika hadi asubuhi, halafu yanafunguliwa yateremke kwenye mfereji hadi mashambani. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Mwenye kusema nani anafungua, na lini, ni mzee wa ndiva peke yake. Ndiva ikiharibika, mbiu inapigwa, watu wote wanatoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira, na asiyetoka anatozwa. Kugusa ndiva bila ruhusa, hasa kiangazi, ni kama kuchezea uhai wa watu. Hilo mtoto wa Kipare analijua kabla ya kujua kuhesabu.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Maharage yalikuwa yameota, yanangoja maji, na kijito kilikuwa kimekonda. Asubuhi moja, kabla ya kengele, tukasikia vilio upande wa juu. Ndiva tupu! Tundu liko wazi, gogo limelala pembeni, na maji yote yameteremkia korongoni, maana kule chini hakuna shamba hata moja lililokuwa limefunguliwa kuyapokea. Kando ya tundu alikuwa ameketi mtoto wa darasa langu, Namkunda, matope hadi kifuani, amejishika magoti.

Namkunda alikuwa amepungukiwa meno ya mbele, kwa hiyo nadhani alikuwa na miaka saba hivi, hakuna aliyeuandika mwaka wake. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, naye alilelewa na bibi yake aliyekuwa na kishamba kimoja cha maharage na nguvu chache. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye bidii. Siku ile alikuwa maarufu kuliko Bwana Shauri wa Same, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Watu walimzunguka. "Nani amekutuma?" "Bibi yako amekutuma uibe maji?" "Sema!" Hakusema neno. Ilikuwa zamu ya bibi yake kesho yake, kwa hiyo kila mtu aliona wazi: bibi ameona maji ni haba, amemtuma mjukuu ayaibe mapema. Na sisi Wapare, jirani zetu hututania kwamba kesi kwetu ni tamu kuliko nyama, tukakubaliana hapo hapo kwamba kesi itasikilizwa kando ya ndiva keshokutwa asubuhi. Mnasikia? Kesi! Ya mtoto asiye na meno!

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. "Wazee wanataka mambo mawili. Bibi anyang'anywe zamu yake ya maji kwa msimu wote, na mtoto aondolewe shule, kwa sababu wanasema shule ndiyo inayowaharibu. Nami nitakubali."

"Mwalimu Mkuu! Bibi yule bila maji atakula nini? Na Namkunda akitoka shule leo, nani atamrudisha?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikimwacha huyu, kesho watafungua ndiva wote. Halafu ni wazee hawa hawa wanaotujengea darasa jipya kwa msaragambo. Nikigombana nao, ninyi mtafundisha kwenye mvua."

Nilitoka nimechemka. Yaani nilichemka! Nilimchukua Namkunda, tukakaa nyuma ya jiko la shule, nikampa kipande cha gimbi, nikamwacha atafune. Watu wote walikuwa wamemuuliza kwa nini ameiba. Mimi nikamuuliza, "Namkunda, ulitaka itokee nini?"

Akameza. "Nilitaka maji yawe mengi."

"Hayakuwa mengi kwenye ndiva?"

"Yalikuwa kidogo, Mwalimu. Yamelala chini tu, naona na tope. Bibi alisema hayatamtosha kesho, akalia. Lakini yakifunguliwa, kwenye mfereji maji ni mengi, yanafika hapa." Akanionyesha juu ya goti. "Nikayatoa kwenye ndiva yaende kwenye mfereji, yawe mengi, yamtoshe bibi."

Nilisimama nikaruka, nikajigonga kichwa kwenye paa la jiko. Uji! Uji wa Lembeni! Ndiva ni bakuli pana, mfereji ni kikombe kirefu! Mtoto hakuiba hata tone. Alikuwa amemwongezea bibi yake maji kwa akili yote aliyokuwa nayo. Nikamkumbatia na matope yake.

"Na wewe unaonaje," nikamuuliza, "umekosa?"

"Nimekosa sana," akasema. "Maji yote yameisha."

Siku ya kesi ilifika. Wazee walikaa kwenye mawe ya ukingo wa ndiva, akina mama upande wa pili, shule nzima imesimama kwa mistari maana Mwalimu Mkuu alitaka watoto wote waone. Mzee wa ndiva alikuwa kikongwe mwenye sauti ya radi na blanketi begani. Bibi yake Namkunda alikuwa amekaa chini peke yake, hakuna aliyemkaribia. Wakaongea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja alieleza maji yalivyokuwa mengi, maharage yalivyo mengi, hasara ilivyo kubwa. "Samaki mkunje angali mbichi," mmoja akamaliza, na wote wakaitikia.

Nikapiga hatua mbele. Mwalimu Mkuu akanong'ona, "Usiniaibishe." Nikafanya sikusikia.

"Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza swali."

"Marahaba," mzee wa ndiva akasema. "Lakini hapa si darasani, binti. Hapa ni ndiva."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja na maji." Akina mama wakacheka kidogo, naye akanyamaza, nami nikachukua kule kunyamaza kuwa ruhusa. Nikatoa chupa nyeupe niliyoijaza hadi shingoni, na karai. Nikawaita watoto wa darasa la kwanza. Nikawaonyesha chupa. "Maji ni mengi?"

"Mengiii!"

Nikayamimina yote kwenye karai. Yakalala chini, yakafunika kitako tu. "Na sasa?"

"Yamepungua!" Wote! Kwa sauti moja, kwa uhakika, kama wanaimba.

Nikayarudisha kwenye chupa kwa uangalifu. "Na sasa?"

"Yameongezeka!"

Darasa la nne nyuma walikuwa wameanguka kwa kicheko. "Ni yale yale, nyie! Si amemimina tu?" Wadogo wakawatazama kwa kuwahurumia. 

Mzee wa ndiva akanyanyuka. Alidhani nimewafundisha kusema hivyo. Akamwita mjukuu wake mwenyewe, Nanzia, wa darasa la kwanza, akaninyang'anya chupa na karai, akamimina mwenyewe kutoka chupani kwenda karaini, akamuuliza kwa Chasu, taratibu, uso kwa uso. Nanzia akajibu bila kusita, "Babu, umeyapunguza." Mzee akayarudisha kwenye chupa. "Sasa umeyaongeza, babu. Asante."

Lo! Mzee akarudi kukaa kwenye jiwe lake, karai mkononi.

Hapo nikaeleza. Nikasema, "Wazee wangu, Namkunda aliona maji ya ndiva yamelala, akaona kwenye mfereji yanasimama juu ya goti. Akaenda kuyaongeza kwa ajili ya bibi yake. Hakutumwa. Bibi hakujua. Hata huyu Nanzia angeyaongeza vile vile kwa ajili yako, mzee."

Mzee mmoja akasema, "Sawa, lakini maji yamepotea. Maharage yetu hayanywi sababu."

"Ni kweli, mzee. Niruhusu swali la mwisho kwa watoto." Nikawageukia. "Kuna wasichana wawili. Mmoja mama yake ni mgonjwa, akaenda kumtekea maji, akateleza, akavunja mtungi mkubwa. Mwingine alikatazwa asali, akaidokoa, akavunja kikombe kidogo. Nani amekosa zaidi?"

Darasa la kwanza: "Wa mtungiii!"

"Kwa nini?"

"Ni mkubwa!"

Darasa la nne wakapiga kelele, "Aka! Ni mwizi wa asali! Yule wa mtungi alikuwa anamsaidia mama!"

Sikuongeza neno. Naapa sikuongeza. Lakini mdomo wangu ukifunga, uso wangu husema, na nadhani uso ulisema. Mzee wa ndiva alinikazia macho. "Binti," akasema polepole, "tangu asubuhi sisi tumekuwa tunaongelea ukubwa wa mtungi. Unataka kusema wazee wa ndiva wamekaa na darasa la kwanza?"

Nikaona darasa jipya linaanguka kabla halijajengwa. Mwalimu Mkuu alifumba macho. Nikasema, "Mzee wangu, mimi sijasema. Waliosema ni watoto."

Akina mama ndio walioanza. Kicheko kilitoka upande wao, kikavuka maji, kikawafikia wazee, na mwishowe mzee wa ndiva mwenyewe blanketi likamwanguka begani kwa kucheka. Walipotulia akatoa hukumu. Bibi abaki na zamu yake. Namkunda abaki shule. Na kuanzia siku ile gogo la tundu lifungwe kwa kamba mahali ambapo mtoto hafiki, "maana tuliwaachia mlango halafu tukalalamika wameingia." Bibi alilia kwa sauti, akina mama wakaenda kumnyanyua. Nilitaka kupiga vigelegele, nikapiga!

Namkunda akasogea mbele, amesimama katikati ya watu wazima wote wale, akauliza, "Na mimi napigwa lini?"

Nikainama. "Hupigwi, Namkunda. Umesamehewa. Hukukusudia vibaya."

"Lakini maji yote yameisha!" Akaanza kulia, kilio cha kweli, cha tumboni. "Mbona hamnipigi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimewashinda wazee lakini mtoto mwenyewe sikumfikia. Tulikuwa tumemsamehe kwa akili za darasa la nne, naye anaishi darasa la kwanza. Kwake kosa lilikuwa kubwa kama ndiva, na halijalipiwa, sasa alale nalo vipi? Mzee wa ndiva alielewa kabla yangu. Akashuka kutoka kwenye jiwe, akamwambia, "Basi, mjukuu wangu, kesho kuna msaragambo wa kukarabati ukingo. Utabeba udongo pamoja nasi. Ukimaliza, kosa lako limekwisha. Unakubali?" Namkunda akafuta pua. Akakubali. Kesho yake alibeba udongo kwa kikapu kidogo tangu asubuhi, nyuma ya mzee, huku anaimba na akina mama. Jioni alikuwa mtoto mwingine kabisa, anakimbiakimbia.

Mwalimu Mkuu hakuniomba radhi, na Msaidizi hakustaafu. Lakini tangu siku ile, kabla ya kuinua fimbo alikuwa anamuuliza mtoto, "Ulitaka itokee nini?" Na mara nyingi, akishasikia jibu, alirudisha fimbo pembeni akiguna. Darasa jipya lilijengwa. Mzee wa ndiva mwenyewe alibeba mawe.

Kutoka pale nilipelekwa Bendera, bondeni kwenye joto, ambako nilifundisha watoto wa wakulima na kuugua malaria kila masika. Baadaye Same mjini, uhuru ukatukuta huko, nikawa Mwalimu Mkuu, halafu nikawa mimi ndiye ninayezunguka kuwakagua walimu wa madarasa ya chini. Nikastaafu. Sasa nakaa na bustani yangu ya tangawizi na magoti yanayolalamika. Vijana wananijia, "Shikamoo bibi, ualimu ulikulipa nini?" Wakiona kanyumba haka, wanadhani nitaanza kulalamika. Nacheka! Malipo yangu nilishalipwa kabla sijaondoka kule mlimani, na nitawaambia jinsi yalivyokuja.

Namkunda alikuwa amefika darasa la nne. Meno yote mdomoni, miguu mirefu. Mchana mmoja nasahihisha madaftari, akaingia, akasimama mbele ya meza yangu, mikono imefungwa kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Namkunda. Vipi?"

"Nina kesi."

"Na nani?"

"Na wewe, Mwalimu. Na mzee wa ndiva." Alikuwa amekasirika kweli, macho yanang'aa. "Ile siku ya ndiva. Nimefikiri sana. Mimi sikuiba. Nilikuwa namsaidia bibi. Sikukusudia vibaya. Mbona mlinibebesha udongo mchana kutwa kama mkosaji?"

Kalamu ilinidondoka. "Lakini Namkunda, wewe mwenyewe ulilia upigwe!"

"Nilikuwa mdogo!" akasema. "Ninyi mlikuwa wakubwa. Ninyi ndio mlipaswa kujua."

Nilicheka, nikalia, nikazunguka meza nikamkumbatia, naye amenikaukia kama mti, hataki kukumbatiwa, anataka haki. Walimu wengine wabaki na mishahara yao; mimi niliona kwa macho yangu mtoto aliyepima kosa kwa maji sasa analipima kwa nia, na amefika huko kwa miguu yake mwenyewe. "Umenishinda," nikamwambia. "Kesi ni yako. Nisamehe. Unataka nini tena?"

"Na yeye aseme."

Mzee wa ndiva alikuwa amezeeka sana, hatoki nyumbani. Nilimpelekea habari ile nikidhani atacheka tu. Hakucheka. Alivaa blanketi lake, akateremka mwenyewe hadi shuleni kwa fimbo, mwendo wa kusimama kila mara kupumua. Watoto walitoka madarasani. Namkunda akamwamkia, akapokewa shikamoo yake, na mzee akasema mbele ya wote, "Mjukuu wangu, nilikubebesha udongo, na hukuwa na kosa. Nisamehe."

Namkunda alimtazama yule mzee na magoti yake yanayotetemeka. Akaenda kumshika mkono.

"Nimekusamehe, babu," akasema. "Hukukusudia."